CHAMBO CHA MTI: CHONGA, LAKINI USIYEYUSHE RISASI



Mfereji wa Nakivubo huchukua maji ya mji wa Kampala na kuyapitisha kwenye kinamasi mpaka ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Ziwani humo yumo sangara, ambaye Waganda humwita mputa. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950. Hula samaki wadogo, na aweza kuzidi kilo 100. Samaki huyu hudanganywa kwa chambo cha mti kinachovutwa nyuma ya mtumbwi, na chambo hicho mfanyakazi aweza kukichonga mwenyewe siku ya mapumziko.

Ufundi huu una historia ya watu wa jasho. Mwaka 1936, katika nchi ya Ufini, mvuvi Lauri Rapala aliona kwamba samaki mkubwa humkimbilia yule mdogo anayeyumba kama mgonjwa. Akachonga gome jepesi, lile la vizibo vya chupa, kwa kisu cha fundi viatu. Akalifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, akayeyusha filamu za picha zipate kuwa vanishi. Kazi hiyo ya nyumbani baadaye ikazaa kiwanda.

Namna ya kutengeneza

Tafuta kipande cha mti mwepesi uliokauka vizuri, kama musizi. Kichonge umbo la samaki, kisha ukisugue kwa msasa. Pasua mfuo tumboni, ulaze humo waya mgumu au spoki ya baiskeli. Kunja vitanzi vitatu: cha mbele kwa mshipi, cha tumboni na cha mkiani kwa ndoano. Waya huo ndio unaobeba nguvu zote. Hata mti ukipasuka, samaki hapotei.

Mbele tia ulimi wa bati au plastiki ngumu, ulioinama. Maji yakiupiga, chambo huyumba. Ulimi mrefu hukizamisha zaidi. Tumboni weka uzito kidogo ili kisipinduke. Kijaribu ndani ya karai kabla ya kuziba mfuo kwa gundi. Mwisho paka rangi na vanishi mara kadhaa, maji yasiingie kwenye mti.

Hatari iko kwenye uzito

Wako mafundi wanaoyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari ili wapate uzito huo, pengine kwenye jiko lile lile la chakula. Ndugu, hiyo ni sumu. Mvuke na vumbi lake huingia mwilini bila maumivu yoyote ya kukuonya. Huharibu damu, figo na mishipa ya fahamu, na kwa mtoto hudhuru ubongo. Vumbi hilo hufuata nguo mpaka kitandani. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Tumia nati ya chuma au kipande cha msumari mnene. Chuma ni chepesi kuliko risasi, basi ongeza kidogo. Gundi na vanishi vitakizuia kisipate kutu.

Na wale ambao kazi yao ya kiwandani ni betri na risasi, wadai kupitia chama chao nguo maalumu zinazofuliwa kazini, maji na sabuni, na kupimwa damu. Hiyo ni haki ya mfanyakazi. Chambo kikipotea ziwani kitachongwa kingine, lakini afya ya mtoto haichongwi upya.