Usukani wa Ngalawa: Tuutazame Kabla ya Msimu



Katika msimu uliopita mwenzetu mmoja alitoka horini asubuhi na ngalawa yake, amepakia magunia manne ya karafuu kavu, pamoja na mwanawe. Walipofika mlangoni mwa hori, pale maji ya kupwa yanapopambana na mawimbi ya nje, usukani ulinyanyuka, ukachomoka katika pete zake, ukaenda na maji. Ngalawa iligeuka ubavu, ikajaa. Alhamdulillahi, wavuvi waliwaokoa wote wawili. Magunia mawili yalipotea, na mawili yaliyofika pwani yalikuwa yamelowa maji ya chumvi. Kila mkulima ajua kwamba kilo moja ya karafuu kavu yatokana na kilo tatu hivi za karafuu mbichi, zilizochumwa, zikachambuliwa makonyo, zikaanikwa na kuanuliwa siku kadha wa kadha. Kazi yote hiyo ilikwenda kwa dakika moja.

Yatupasa tuseme na jambo jingine. Kabla ya msimu ule, katika ukurasa huu huu, tuliwashauri wenye ngalawa wabadilishe misumari ya usukani waweke minene zaidi. Mwenzetu huyo alitufuata. Misumari yake ilikuwa mipya na minene, wala haikukatika. Basi shauri letu lilikuwa pungufu, na leo twataka kulisahihisha. Tulitazama unene wa chuma, hatukutazama namna usukani unavyoshikwa.

Usukani wa ngalawa umetundikwa tezini kwa misumari miwili inayoingia katika pete mbili, moja juu na moja chini, na nahodha huugeuza kwa kana. Vyuma hivi vidogo hubeba nguvu nyingi kuliko tunavyodhani. Mwendo wa chombo ukizidi mara mbili, nguvu ya maji juu ya usukani huzidi mara nne. Tena ngalawa ina mirengu. Upepo ukikaza, mrengu wa upande wa demani huzama na kuburuta maji, na chombo hutaka kugeukia upande huo. Usukani ndio unaokizuia, na mzigo wote waishia katika pete zile mbili.

Aibu zinazoonekana zaidi ni nne.

Ya kwanza ni kulegea. Tundu la pete likiliwa, msumari hucheza ndani yake. Tuseme pete zimeachana sentimita 20, na ile ya chini imelegea milimita 2 tu. Ubao wa usukani ulioshuka sentimita 60 chini ya pete hiyo utayumba milimita 8 kwenye ncha yake. Kila wimbi hupiga kama nyundo, na tundu huzidi kupanuka. Dawa yake ni pete mpya yenye tundu linaloufaa msumari. Kuongeza unene wa msumari na kuliacha tundu lililokwisha kuharibika hakusaidii. Pete nazo ziachane kadiri mbao inavyoruhusu, kwani kadiri zinavyoachana, ndivyo mzigo wa kila moja unavyopungua.

Ya pili ni kuchanganya madini. Msumari wa chuma cha kawaida ukikaa ndani ya pete ya shaba katika maji ya chumvi, chuma huliwa upesi kuliko kingekuwa peke yake. Kwa nje waweza kuonekana mzima, na ndani ya pete umebaki mwembamba kama ufito. Msumari na pete viwe vya madini ya namna moja.

Ya tatu ni kukaza pete kwa skrubu fupi katika mbao iliyoanza kuoza. Yafaa boliti zipenye mbao nzima, ziwekewe washa pana na nati upande wa pili, na matundu yapakwe rangi au sifa kabla ya kukaza. Tundu likiwa kubwa mno karibu na ukingo wa tezi, mbao hupasuka. Wanachama wawili walituletea habari ya mbao kupasuka hivyo baada ya kufuata shauri letu la misumari minene, nasi twawaomba radhi.

Ya nne ndiyo iliyomfika mwenzetu: usukani hauna kitu cha kuuzuia usinyanyuke. Uzito wake peke yake hautoshi. Wimbi likiuinua, au ukigusa tope, huchomoka. Msumari wa juu utobolewe tundu dogo chini ya pete, upitishwe kipini cha kuuzuia. Zaidi ya hayo, kamba fupi ifungwe toka usukani hadi ngalawani, ili hata ukichomoka usipotee. Kipini na kamba ndivyo vitu rahisi kuliko vyote, navyo ndivyo tulivyovisahau.

Mambo haya hayakuwasumbua watu wa ngalawa peke yao. Wenye katamarani, yaani vyombo vidogo vya tanga vyenye maboti mawili yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu, wamepata taabu hizo hizo, nasi twaweza kujifunza kwao. Katamarani huwa na sukani mbili, moja nyuma ya kila boti, na fimbo huziunganisha zigeuke pamoja. Fimbo hiyo ikilegea, sukani hazielekei upande mmoja, na chombo hupoteza mwendo.

Huko California, Marekani, Hobie Alter alitoa katamarani yake ya kwanza ya ufukweni mwaka 1968. Sukani zake zilitengenezwa zinyanyuke zenyewe zikigusa mchanga, kisha zirudishwe chini na kukazwa. Waendeshaji wake waligundua kwamba usukani usioshuka kabisa, ukabaki umelala kuelekea nyuma, hufanya kana kuwa nzito mno mkononi. Ngalawa zetu ni vivyo hivyo. Nahodha akiona kana nzito, asiulaumu upepo kwanza. Atazame kama usukani umesimama sawa.

Njia nyingine ni ya Mwingereza James Wharram, aliyevuka bahari ya Atlantiki kwa katamarani aliyoijenga mwenyewe katika miaka ya 1950. Katika vyombo vingi alivyovichora baadaye, sukani hazishikwi kwa chuma. Hushonwa kwa kamba. Ukingo wa usukani na ukingo wa tezi hutobolewa matundu kwa kekee. Kamba hutoka ubavu wa kulia wa usukani, ikapita katikati ya mbao mbili hadi ubavu wa kushoto wa tezi, ikaingia tunduni, kisha ikarudi kwa kuvuka upande mwingine, mfano wa tarakimu 8. Hushonwa hivyo toka juu hadi chini na kukazwa sana. Usukani hugeuka bila kucheza, hauna kutu, wala hauchomoki kwa wimbi.

Wazee wetu walishona mitepe kwa kamba, kwa hiyo jambo hili lisituonekee geni. Lakini tuangalie mambo matatu. Matundu yatobolewe katika mbao nzito ya tezi, yasifike ndani ya ngalawa. Kingo zake zilainishwe zisikate kamba. Na kamba iwe ya polista. Ya naili hunyumbuka, na ya usumba huoza. Ikianza kuchakaa ibadilishwe mara moja, na uzuri wake ni kwamba uchakavu wake waonekana kwa macho.

Kusi lingali linavuma msimu unapoanza. Kwa hiyo twamwomba kila mwenye ngalawa aipandishe pwani kabla ya kuchuma. Aushike usukani kwa chini autikise kushoto na kulia. Auinue juu. Atoe misumari aitazame sehemu iliyokaa ndani ya pete. Ajaribu boliti moja moja. Kazi hiyo yaweza kwisha kabla jua halijawa kali.

Kamati imekata shauri kwamba toka msimu huu ngalawa isiyo na kipini na kamba ya usalama, au usukani ulioshonwa sawasawa, isipakiwe karafuu za mwanachama mwingine. Twajua wako watakaoona uzito. Wazee husema chombo cha kuzama hakina usukani. Mwenzetu alipotuhadithia yaliyompata, hakutaja magunia ila mwishoni. Alianza kwa kusema kwamba mwanawe hajui kuogelea.

Katibu wa Chama