Piramidi Kuu Haikuwa Mtambo wa Umeme

Piramidi Kuu ya Giza ni kaburi la mfalme Khufu, na ujenzi wake ulikamilika yapata mwaka 2560 KK. Haikuwa mtambo wa kuzalisha umeme. Jibu hili limetolewa mara nyingi, lakini swali halikomi, kwa kuwa dai lenyewe limepambwa kwa maneno ya kihandisi na wengi hulipokea bila kulikagua. Likikaguliwa, halisimami.

Dai hilo lilienezwa zaidi na kitabu cha Christopher Dunn cha mwaka 1998. Kwa maelezo yake, kemikali mbili, moja ikiwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, zilishuka kwa mifereji miwili myembamba hadi kwenye Chumba cha Malkia. Hapo zilichanganyika zikatoa gesi ya haidrojeni, nayo ikatumika kuzalisha nishati katika Chumba cha Mfalme, chenye kuta za graniti.

Kosa la kwanza ni la kemia. Chumba cha Malkia kimejengwa kwa mawe ya chokaa. Asidi ya haidrokloriki ikigusa chokaa, jiwe hutoa povu na kulika, na gesi inayotoka ni kaboni dayoksaidi. Mwanafunzi wa sekondari hulifanya jaribio hili maabarani. Mtambo wa aina hiyo ungekula kuta zake wenyewe, ilhali mawe ya chumba hicho yangali yamebana kwenye viungo vyake.

Kosa la pili ni la ujenzi. Mifereji hiyo haikuwa na mdomo chumbani. Wajenzi waliacha sentimita chache za mwisho za jiwe bila kuzitoboa, na ni mwaka 1872 tu ambapo Waynman Dixon alipasua ukuta akaigundua. Kwa upande wa juu haitokezi nje ya piramidi. Mwaka 1993 roboti ya Rudolf Gantenbrink ilipanda mfereji wa kusini ikakuta umezibwa na bamba la jiwe. Mfereji uliozibwa huku na huku haupitishi kemikali yoyote.

Kosa la tatu ni la tarehe. Michoro ya hekalu la Dendera, inayosambazwa kama picha ya taa ya umeme, ilichongwa zaidi ya miaka 2,400 baada ya Khufu. Inaonyesha nyoka akitoka kwenye ua la yungiyungi, na maandishi ya kidini yaliyo kando yake yanaieleza.

Hoja kwamba hakuna maiti iliyopatikana haina uzito. Makaburi ya wafalme yaliibiwa tangu zamani, na jeneza la graniti lisilo na kifuniko bado limo katika Chumba cha Mfalme. Kwamba piramidi zilikuwa makaburi huonekana pia katika piramidi ya mfalme Unas iliyoko Saqqara, ya yapata mwaka 2350 KK: ina kuta zilizojaa dua za kumvusha mfalme aliyekufa hadi ahera.

Ushahidi wa wajenzi upo wa kutosha. Mwaka 1837 Howard Vyse alikuta juu ya Chumba cha Mfalme majina ya vikosi vya wafanyakazi yaliyobeba jina la Khufu. Baadhi ya alama zinaingia kwenye viungo vya mawe, mahali ambapo brashi isingefika baada ya mawe kupangwa. Makaburi ya wajenzi yalianza kufukuliwa Giza mwaka 1990. Mwaka 2013 timu ya Pierre Tallet ilipata huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, shajara ya mafunjo ya Merer, msimamizi aliyesafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza. Ufundi nao ulikua hatua kwa hatua: piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, kisha za Sneferu, baba yake Khufu, mojawapo ikipunguzwa mwinamo katikati ya ujenzi kutoka digrii 54 hadi 43.

Dai lolote jipya lipimwe kwa maswali manne. Kifaa chenyewe kiko wapi? Masalia ya matumizi yake yako wapi? Tarehe zinalingana? Linaelezaje shajara ya Merer na majina ya vikosi? Lisilojibu yote manne liachwe, hata likiwa na picha za kuvutia kiasi gani. Piramidi Kuu ni kaburi, na walioijenga ni Wamisri.