KATUNI YA HARLEY QUINN: ADUI KAWA STELINGI, WATAZAMAJI WAGAWANYIKA



Leo naomba tuongelee katuni moja ambayo kila nikiitaja, kuna mtu anacheka hadi anashika meza na kuna mwingine anasonya. Inaitwa Harley Quinn. Nimeshaulizwa mara nyingi, "hivi ile kitu ni nzuri au ni upuuzi tu?" Jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Naanza na kilichonikuta. Likizo moja nilienda kwa dada yangu Muleba, mfukoni nina flashi imejaa muvi. Ndani yake kulikuwa na folda nimeiandika "katuni". Watoto wa dada wakaniomba, nami nikawachomekea kwenye televisheni, nikatoka kwenda kununua vocha. Kurudi nakuta kimyaaa! Kwenye skrini damu inaruka, matusi ya Kiingereza yanamwagika, na shemeji yangu kasimama mlangoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Shemeji, hii ndiyo katuni?" Nikakosa pa kuuweka uso. Ila lililonikaa kichwani mpaka leo ni swali la yule mdogo wa darasa la tatu: "Mjomba, stelingi ni nani hapa?"

Jamani, lile swali ndilo linaloeleza kwa nini watu hawaelewani kuhusu hii katuni. Twende taratibu.

INAHUSU NINI?

Harley Quinn ni mpenzi wa Joker, yule adui mkubwa wa Batman. Wengi hawajui kwamba huyu dada alizaliwa ndani ya katuni ya watoto. Paul Dini na Bruce Timm walimtunga kwa ajili ya Batman: The Animated Series, akaonekana mara ya kwanza mwaka 1992. Alipendwa sana, akahamia kwenye vitabu vya katuni na baadaye kwenye muvi za watu halisi.

Hii tunayoongelea ni nyingine. Ilianza kuonyeshwa Marekani Novemba 2019, na msimu wa 5 ulianza Januari 2025. Sauti ya Harley ni ya Kaley Cuoco, yule wa The Big Bang Theory. Humu Harley anamwaga Joker, anaamua kujitegemea na kuunda genge lake mwenyewe. Kwa maneno mengine, adui ndiye stelingi. Na wanaogopwa kwingine kote, humu ni vichekesho. Bane, yule jitu la miraba minne lililomvunja Batman mgongo, humu analalamikia kiti alichopewa kwenye kikao. King Shark ni papa mwenye miguu, mpole, mtaalamu wa kompyuta, ila akinusa damu basi tena. Kuna jamaa anaitwa Kite Man, silaha yake ni tiara. Ndiyo, tiara ile ile tunayorusha utotoni! Na Joker mwenyewe kuna mahali anakuwa baba wa kambo wa watoto wa watu, halafu anagombea umeya na kushinda.

Ukisoma hivi tu unaona ni wazimu mtupu, na ndivyo waliivyokusudia.

WANAOIPENDA WANASEMA NINI?

Sisi tumekulia kwenye mabanda ya video, sheria ya kwanza tuliyofundishwa ni moja: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akatupwa mtoni, akafungiwa kwenye nyumba inayoungua, lakini mwisho lazima arudi amnyooshe adui. Ukiijua hiyo sheria hadi ukaichoka, mtu akiivunja mbele yako unacheka. Ndicho inachofanya Harley Quinn kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inachukua kila kitu ulichozoea kwa mashujaa na kukigeuza miguu juu.

Hata jirani zetu wa Uganda wana ya kwao. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex?, muvi ya watu halisi. Captain Alex ndiye shujaa, ila anauawa mapema na muvi inaisha bila kuambiwa nani kamuua. Juu yake kuna mtafsiri VJ Emmie anayepiga kelele na kutania kila kitu. Watu dunia nzima wameipenda. Kwa hiyo utani wa kumvunja stelingi siyo mambo ya Wamarekani peke yao.

Kundi hili linasema pia kwamba chini ya wazimu wote kuna kisa cha kweli: dada aliyekuwa ananyanyaswa na bwana wake anajifunza kusimama mwenyewe. Hapo naungana nao. Ile sehemu ya kwanza, Harley anapokubali kwamba Joker hajawahi kumjali, siyo ya kuchekesha hata kidogo. Inauma.

WASIOIPENDA JE?

Hawa wana hoja zao, msiwadharau.

Hoja ya kwanza ni matusi na damu. Wanasema matusi yakizidi yanakuwa kama chumvi kwenye ndizi, ladha nyingine zote zinapotea. Kweli kuna mahali nami naona watunzi wameishiwa, wanaweka tusi pale ambapo kichekesho kilitakiwa kuwepo.

Hoja ya pili ni ya wapenzi wa Batman wa siku nyingi. Mtu kamheshimu Bane tangu The Dark Knight Rises ya 2012, leo anamuona analia kwa ajili ya kiti. Kwake huo ni utovu wa adabu.

Hoja ya tatu ni mapenzi ya Harley na mwanamke mwenzake, Poison Ivy. Kuna wanaoona hicho ndicho kisa kizuri kuliko vyote mle ndani, na kuna wanaozima papo hapo. Ubishi wa namna hii siyo mpya huku kwetu. Mwaka 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku katuni kadhaa, zikiwemo The Loud House na Steven Universe, kwa sababu kama hiyo, na hizo zilikuwa za watoto.

Hoja ya nne ni lugha, na hii huwa haitajwi kabisa. Vichekesho vingi vya Harley Quinn viko kwenye maneno, na maneno ni Kiingereza cha haraka haraka. Sisi tumezoea kutafsiriwa. Enzi za Lufufu mtafsiri alikuwa anakuelekeza kabisa nani stelingi, nani adui, na utani anakuongezea wa kwake. Ukiitazama hii bila mtafsiri na Kiingereza chako ni cha kuungaunga kama changu, unabaki na nini? Unabaki na damu tu. Halafu unasema upuuzi, na kwa ulichokiona uko sahihi!

TURUDI KWA YULE MTOTO

Sasa ndio nalielewa swali lake. Kichekesho cha kuvunja sheria kinamfaa anayeijua sheria. Mimi nacheka kwa sababu najua Joker anatakiwa kutisha na Bane anatakiwa kuogopwa. Mtoto wa darasa la tatu bado anajifunza nani mwema na nani mbaya. Yeye haoni utani wowote. Anaona dada mchangamfu mwenye rungu anavunja watu miguu na wote wanafurahi. Katuni ni ile ile, lakini yeye na mimi hatukutazama kitu kimoja.

Kosa letu ni kudhani kila kinachochorwa ni cha watoto. Tunasahau kwamba katuni za wakubwa zipo Bongo miaka mingi. Gazeti la SANI lenye akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili nani alimnunulia mtoto wa chekechea? Tulikuwa tunalisoma kwa kujificha!

Kule Marekani Harley Quinn imepewa alama ya TV-MA, maana yake ni ya watu wazima, haiwafai walio chini ya miaka 17. Tanzania nako tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua na kupanga madaraja. Lakini wadau, tuseme ukweli, flashi haipiti kwenye bodi. Ikitoka kafe Bukoba mjini inaingia kwenye basi, jioni iko Muleba sebuleni, na alama imebaki huko huko ilikotoka. Bodi ya mwisho ni wewe mwenye flashi.

Siku hizi nina folda mbili. Moja nimeandika "watoto", nyingine "wakubwa tu". Na kabla sijamwekea mtoto kitu, natazama dakika kumi za mwanzo mwenyewe. Ni kazi ndogo sana kuliko kusimama mbele ya shemeji ukiwa huna jibu.

Kwa hiyo Harley Quinn ni nzuri au ni upuuzi? Mimi nasema ni nzuri kwa mtu mzima aliyetazama akina Batman mpaka wakamchosha na ambaye Kiingereza chake kinatosha kufuata utani. Kama hauko hapo, usijilaumu ukichoka, na usimlaumu anayecheka.

Haya, zamu yenu. Ni muvi gani ya kwanza uliona stelingi anakufa, na ulijisikiaje? Tupieni hapo chini, ila matusi tuwaachie akina Harley.

Nawasilisha.