Asili ya Kusoma Shairi Lisilo na Jina

Kijana aliyehitimu kidato cha sita pale Same, Upareni, nchini Tanzania, kwa kuchambua fani na maudhui, aingiapo darasa la fasihi ya Kiingereza katika chuo cha huku Uingereza, aghalabu hushangazwa na karatasi moja yenye shairi fupi, pasipo jina la mtunzi wala mwaka, ambalo hutakiwa alijadili saa nzima. Nyumbani alizoea kuanza na ujumbe, na mtunzi, na jamii yake; huku huulizwa kwa nini neno fulani limewekwa mwisho wa mshororo. Wapo wadhanio kwamba ni hila ya kuwaumbua wageni, na dhana hiyo huwavunja moyo bure.

Aliyeanzisha zoezi hili ni I. A. Richards, mwalimu wa Cambridge, ambaye katika miaka ya 1920 aliwagawia wanafunzi wake mashairi yaliyofichwa majina ya watunzi, akakusanya maoni yao, na mwaka 1929 akayachapisha pamoja na ufafanuzi wake katika kitabu Practical Criticism. Matokeo yalifadhaisha: vijana waliozaliwa ndani ya lugha hiyo, na kulelewa katika shule zenye sifa, walishindwa mara nyingi kufahamu hata maana iliyo dhahiri, wakatukuza mashairi hafifu na kuyadharau yaliyo bora. Basi mtoto wa Upareni ajue kuwa mtihani huu uliwaaibisha kwanza wenye lugha yao.

Afrika Mashariki taaluma ya fasihi ya Kiingereza ilishika mizizi Makerere, chuo ambacho tangu 1949 kilifungamana na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1968, huko Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai idara ya Kiingereza ifutwe, na fasihi ya Afrika, ikiwamo ya mdomo, iwekwe katikati. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Na kwa maoni yangu fasihi ya mdomo yastahiki usikivu ule ule ambao Richards aliudai.

Ithibati ya hilo tunayo milimani kwetu Upare. Profesa Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alitegemea masimulizi ya wazee katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka 1969. Huko Ugweno, sehemu ya Upare, Washana, ukoo wa wahunzi, walitawala kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Na habari za mapinduzi kama hayo haziwezi kupimwa bila kujua anayezisimulia ni wa ukoo gani, na ukoo wake ulipata au ulipoteza nini. Richards aliliondoa jina ili neno lisikike. Mwanahistoria hulihitaji jina ili neno lipimwe uzito.

Kwa hiyo, mwanangu uliye darasani, ipe karatasi ile saa yake kamili: isome kwa sauti, utazame mahali sentensi inapokatwa na mahali sauti inapogeuka, uandike uliyoyaona kabla ya kumwuliza yeyote. Likishafichuliwa jina, nenda maktaba ukamtafute mtunzi, zama zake, na waliolipia vitabu vyake. Kisha urudi kwenye shairi, uone ni lipi kati ya uliyoyaandika linalosimama bado.