Mstari Mwekundu Hauhariri Kitabu

"Kompyuta haijapiga mstari mwekundu hata mahali pamoja. Sasa mhariri wa nini tena?" Swali hili mimi mhariri naulizwa hapa Mudende, naulizwa Gisenyi mjini, naulizwa na waandishi wanaovuka mpaka kutoka Goma. Limezidi tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na vyama vya ushirika navyo vikaanza kutaka vijitabu vya Kiswahili. Nalijibu leo kwa maandishi, na atakayeniuliza tena nitampa ukurasa huu.

Mstari mwekundu unakuonyesha neno ambalo mashine hailijui, basi. Neno inalolijua, hata likikaa mahali pasipo pake na kupindua maana yote, linapita bila kuguswa.

Mwaka 1631, jijini London, Robert Barker na Martin Lucas, wachapaji wa Mfalme, walitoa Biblia ambayo neno la kukataza lilidondoka katika amri ya uzinzi. Msomaji akawa anaamriwa kuzini. Maneno yote yaliyobaki katika sentensi ile yalikuwa na tahajia sahihi, na programu unayoiamini leo ingeipitisha. Wachapaji walitozwa faini ya pauni 300, na nakala zikasakwa ziharibiwe. George Abbot, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury, alilalamika kwamba zamani kazi hiyo walipewa wasahihishaji wasomi na makini, na sasa imeachiwa watu wasio na elimu. Karibu miaka 400 imepita, nami nalalamikia jambo lile lile.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu katazo la Kiswahili linabebwa na silabi moja. Kijitabu cha wakulima wa viazi wa huku chini ya volkano kinasema: "Usipulizie dawa mvua ikikaribia." Idondoshe "si": "Upulizie dawa mvua ikikaribia." Zote mbili ni Kiswahili safi. Ila mkulima aliyepata kijitabu cha pili atapulizia, mvua itaosha dawa yote, na bakajani itamaliza shamba lake. Mashine itajuaje? Haijawahi kulima viazi, na haijui mwandishi alikusudia nini.

Halafu sisi tuliolelewa katika Kinyarwanda tunachanganya "l" na "r" tangu utotoni. Taarifa ya chama inatangaza "siku ya kula", wanachama wanajiandaa kwa karamu, kumbe ni siku ya kuchagua mwenyekiti. "Kula" ni neno halali, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu. Mililita 25 za dawa zikiandikwa 250, hakuna mstari mwekundu. Picha ya ukurasa wa 12 ikiwekewa maelezo ya ukurasa wa 20, hakuna. Makosa yanayodhuru watu ni haya, na yote yamevaa tahajia nzuri.

Wapo wanaoiacha mashine wakakimbilia kosa la pili: "Nitampa mwalimu wa Kiswahili mswada aupitie jioni moja." Namheshimu mwalimu, lakini kujua lugha ni nusu tu ya kazi. Mwaka 1683 Joseph Moxon, mchapaji wa London, aliandika kitabu cha ufundi wa uchapaji. Alimtaka msahihishaji ajue lugha nyingi, Kilatini, Kigiriki na Kiebrania zikiwemo. Na hata msomi wa namna hiyo hakuachwa asome peke yake kimyakimya: mtu mwingine alimsomea mswada kwa sauti, yeye akifuatilia karatasi iliyochapwa. Anayeelewa sana huruka makosa, kwa kuwa akili inajaza kilichopungua kabla jicho halijakiona.

Mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare, wa mwaka 1623, unaonyesha pande zote mbili za kazi hii. Mtafiti Charlton Hinman alilinganisha nakala zaidi ya 50, ukurasa kwa ukurasa, akatoa matokeo yake mwaka 1963. Aligundua kwamba wasahihishaji wa karakana ile walirekebisha zaidi makosa yanayoonekana kwa macho, herufi iliyopinda au iliyogeuka, na kwa nadra sana walirudi kwenye mswada kuuliza mwandishi alisema nini. Huo ndio mstari mwekundu wa karne ya 17. Tena mashine ya uchapaji haikusimamishwa wakati msahihishaji akisoma, kwa hiyo karatasi mbovu na nzuri zilifungwa pamoja katika vitabu vilivyouzwa.

Uhariri wenyewe ulikuwa umeanza kabla ya karakana. John Heminges na Henry Condell, waigizaji wenzake Shakespeare, walikusanya tamthilia 36 baada ya yeye kufariki mwaka 1616, na karibu nusu yake zilikuwa hazijawahi kuchapwa. Mojawapo ni Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha kwa Kiswahili mwaka 1963. Bila wahariri wale wawili, huenda asingekuwa na cha kutafsiri.

Kama fedha ya mhariri haipo, fanya hivi. Tumia programu kwanza, kisha isahau. Chapa mswada kwenye karatasi. Tafuta watu wawili, mmoja asome kwa sauti pamoja na nukta na tarakimu, mwingine afuatilie kwa kalamu. Pitia mara moja zaidi ukitafuta makatazo peke yake, mara nyingine namba na vipimo, mara nyingine majina ya watu na mahali. Mpe mkulima, au yeyote utakayemuuzia, akueleze kwa maneno yake alichokielewa. Kama fedha ipo lakini ni kidogo, lipia uhariri wa kurasa zenye maagizo na tarakimu, uache dibaji. Patana na mhariri muda na malipo kwa maandishi.

Na mswada ulete kabla hujampa mchapaji malipo ya awali. Karatasi zikishapita mashineni, nitakachoweza kukuandikia ni orodha ya masahihisho tu, na wanaoisoma ni wachache mno.