Mariano Rivera, bwana wa dakika za lala salama

Julai 2014, robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Brazil, kocha wa Uholanzi Louis van Gaal alimtoa kipa Jasper Cillessen mpira ukielekea kuisha, akamwingiza Tim Krul kwa kazi moja tu: penalti. Krul akapangua mbili, Costa Rica wakafungasha virago. Wapenzi wa soka tuliijadili wiki nzima. Kwenye besiboli ya Marekani kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya namna hiyo, tena mara kadhaa kwa wiki, msimu mzima. Ni mrushaji wa akiba. Yule wa mwisho kabisa huingizwa zamu ya tisa, ya kufunga mechi, timu ikiongoza kwa pointi moja au mbili, atoe wapigaji watatu watu warudi nyumbani.

Kwa kazi hiyo hajatokea wa kumfikia Mariano Rivera wa New York Yankees.

Ni Mpanama, mzaliwa wa 1969, aliyekulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi. Baba yake alikuwa nahodha wa mashua, naye kijana akavua samaki kabla Yankees hawajamsajili mwaka 1990 kwa dola zisizofika 5,000. Utotoni glavu yake ilikuwa ya maboksi. Alipopandishwa ligi kuu mwaka 1995 alipangwa kuanzisha mechi, na wapigaji wakamtandika. Kupelekwa akiba ndiko kulikomtoa.

Silaha yake ilikuwa moja. Mwaka 1997, akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza, aliona mpira unakata pembeni wenyewe, bila yeye kuutuma. Alijaribu kuunyoosha, ukagoma, akaamua kuishi nao. Unakuja kwa kasi ya kilomita kama 150 kwa saa, ukionekana umenyooka, halafu hatua za mwisho unahama. Mpigaji wa mkono wa kushoto anakuwa ameshazungusha gongo; mpira unamfuata mikononi, unapiga penye shingo nyembamba, mti unapasuka. Wote walijua kinachokuja, na bado wakavunjiwa magongo. Mwaka 2013, katika msimu wake wa kuaga, Minnesota Twins walimzawadia kiti cha kubembea kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika.

Husifiwa kwa ushindi 652 alioulinda hadi mwisho, rekodi ya ligi kuu. Mimi hesabu hiyo hainipagawishi, maana kanuni humpa mrushaji sifa hata akiingia timu ikiwa mbele kwa pointi tatu, na kulinda pointi tatu si muujiza. Kinachonishangaza ni mechi za mtoano, pale panapobaki timu kali tupu. Msimu wa kawaida aliruhusu wastani wa pointi 2.21 kwa kila zamu tisa, nao ni wastani wa mabingwa. Kwenye mtoano ukashuka hadi 0.70. Mataji matano yalipatikana naye akiwemo.

Lakini usiku unaosimuliwa zaidi ni ule alioshindwa. Novemba 4, 2001, mechi ya saba ya fainali, kule Arizona. Yankees wanaongoza 2-1, zamu ya tisa. Rivera anaokota mpira uliodokolewa mbele yake, anautupa vibaya kwenda kituo cha pili. Mara wenyeji wanasawazisha. Anakuja mpigaji wao Luis Gonzalez, mkono wa kushoto, na Rivera anamrushia ule ule. Ukambana mikononi kama ilivyokusudiwa. Ila walinzi walikuwa wamesogezwa mbele, na mpira dhaifu ukaelea juu ya kichwa cha mlinzi wa Yankees, Derek Jeter, ukaangukia nyasi tupu. Ubingwa ukaenda.

Mrushaji aliyeutuma mpira wa mwisho sawasawa anaweza kupoteza hivyo, na msimu unaofuata apewe tena mpira ule ule. Wengi wa kazi hii huvunjika hapo. Rivera aliendelea kwa misimu kumi na miwili zaidi. Mei 2012 alichanika kano ya goti akidaka mipira mazoezini, watu wakamzika mapema; alirudi mwaka uliofuata akalinda ushindi mara 44, akiwa na miaka 43.

Mwaka 2019 waandishi 425 walipiga kura za kumwingiza kwenye jumba la magwiji wa besiboli, na wote wakamchagua. Heshima hiyo hata gwiji wa zamani Babe Ruth hakuipata. Jeter naye alichaguliwa mwaka uliofuata, kwa kura 396 kati ya 397.