Maagizo ya kulaza mgonjwa

Maagizo ya kulaza mgonjwa ni maelekezo ambayo daktari au tabibu anayaandika katika faili baada ya kuamua kwamba mgonjwa abaki wodini. Hutumika katika kila hospitali inayolaza wagonjwa, ikiwemo Hospitali ya Wilaya ya Nachingwea katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Wauguzi huyafuata mpaka yabadilishwe. Kwa kuwa aliyeyaandika huenda asiwepo wodini usiku, maagizo yanapaswa kujitosheleza.

Yaliyomo

Maagizo huwa na tarehe, saa, jina la mgonjwa, umri na uzito wake. Hutaja pia ugonjwa unaodhaniwa, dawa zinazomdhuru mgonjwa, vipimo vya maabara, dawa na dripu, chakula, na ni mara ngapi joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu vipimwe. Mwishoni hutajwa dalili ambazo zikionekana daktari aitwe mara moja, halafu mwandishi hutia sahihi.

Mfano: malaria kali

Malaria ni ugonjwa wa kawaida mkoani Lindi. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye malaria kali na uzito chini ya kilo 20 hupewa sindano ya artesuneti miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 30 anapolazwa, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza dawa mseto, ambayo hutumiwa kwa siku 3. Uzito ukikosewa, dozi zote hukosewa. Agizo hudai pia sukari ya damu ipimwe, kwa sababu malaria kali huweza kuishusha kiasi cha kuhatarisha maisha.

Kuzuia makosa

Nukta ya desimali isiposomeka, 3.0 huonekana kama 30. Kwa hiyo huandikwa 3 tu. Saa 2 usiku huandikwa 20:00, ili isichanganywe na saa 2 asubuhi wala saa 2 ya Kiingereza.

Nchini Tanzania faili huandikwa kwa Kiingereza pamoja na vifupisho vya Kilatini, lakini mara nyingi ndugu ndio wanaoleta chakula. Hivyo agizo kama "asile kitu kabla ya upasuaji" halitoshi kuandikwa: ni lazima ndugu waelezwe kwa Kiswahili.